Askari Mmoja, Kilo Tisini

Mtaani kwetu mke wangu anaitwa Mizani. Jina hilo alipewa na muuza sukari wa pale kona, siku aliporudisha pakiti ya kilo mbili akidai imepungua gramu sitini, akaipima mbele ya wateja wote, na ikawa imepungua gramu sitini kweli. Tangu siku ile yule bwana akimwona anakuja, huondoa mikono yake yote miwili juu ya meza ili asije akadhaniwa anapunja. Mimi nimeoana naye miaka ishirini na sita, na sijawahi kusafiri na begi ambalo halikuning'inizwa kwanza kwenye kimizani chake cha mkono, kile chenye ndoano, ambacho hukaa kwenye droo ya vijiko kana kwamba nacho ni cha kulia.

Mimi ni fundi cherehani. Yeye alikuwa mwanajeshi, afisa mteule, msimamizi wa mizigo katika kikosi cha helikopta. Watu wa mtaa walicheka mpaka wakachoka wenyewe: mume anashona, mke anapanda ndege za vita. Wacheke. Mimi nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua, lakini kwa hilo sikuwahi kukasirika hata siku moja. Nguo za kikosi kizima zilikuja dukani kwangu kwa sababu yake, na jioni nilipofunga duka nilikuwa na mtu wa kumwonea fahari.

Kazi yake, kwa asiyeijua, ni hii. Kila helikopta inaporuka, lazima awepo mtu mmoja anayejua waliopanda ni wangapi, wana uzito gani, wameketi wapi, na kama injini itaweza kuwanyanyua katika joto lile na kimo kile. Mahali pa chini, asubuhi, penye baridi, mashine hunyanyua mzigo wake bila kulalamika. Ipeleke mlimani saa saba mchana, kwenye hewa nyepesi na ya moto, mashine ileile itahema kama mimi nikipanda ngazi. Mtu wa kujua hayo alikuwa mke wangu.

Miaka kumi na minane kabla ya haya ninayoyasimulia, akiwa bado sajini, alichukua mizani ya kupimia magunia, akawapandisha askari ishirini mmoja mmoja pamoja na bunduki zao, maji yao na mikoba yao. Akajumlisha, akagawanya, akapata kilo tisini. Askari mmoja na vyote alivyobeba, kilo tisini. Akachora jedwali, likapigwa chapa, likabandikwa ukutani kwenye banda la helikopta, halafu kwenye mabanda mengine yote. Wanafunzi wa kozi walilikariri. Jina la mtaani nalo likavuka geti la kambi, sijui kwa miguu ya nani, na karatasi ile ikaitwa Jedwali la Mizani. Binti yetu alikuwa akiulizwa kwao wako wangapi, anajibu wako wawili, yeye na jedwali, na jedwali ndilo linalopendwa zaidi.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, akateuliwa kwenye kamati ya kuchagua helikopta mpya. Siri za jeshi hazikuwa zikiingia nyumbani kwetu. Mengi ya haya niliambiwa mambo yalipokwisha kuwekwa wazi, na mengine sijaambiwa mpaka leo, wala siulizi. Kamati ilikuwa na watu saba, na mwenyekiti wake alikuwa kanali mmoja mpole, mwenye sauti ndogo, ambaye suruali zake nilizishona mimi na hakuwahi kulalamika hata ilipostahili.

Helikopta za zamani zilikuwa zimechoka, na vita navyo vilikuwa vimebadilika. Zamani mapigano yalikuwa tambarare, na helikopta ilipita juu kwa madaha. Sasa adui alikuwa amehamia milimani, ana droni ndogo za kuchungulia, ana makombora ya kurushwa begani. Helikopta ilibidi ijifiche chinichini mabondeni, itue kwa dakika moja, ichukue watu, iondoke, na isirudi tena pale. Kurudi mara ya pili mahali palepale ni kujipeleka mwenyewe. Mara ya kwanza droni imekuona, mara ya pili unasubiriwa. Kwa hiyo sharti kubwa la kamati lilikuwa moja tu: helikopta iweze kunyanyua askari wanane kwa mkupuo mmoja, kutoka kwenye kiwanja kidogo cha mlimani, saa saba mchana. Wanane ndio kundi moja. Ukichukua watano umewaacha watatu, na hao watatu ni watoto wa watu.

Zililetwa helikopta tatu za kujaribiwa, na mafundi wa karakana wakazibatiza majina kabla hazijapoa injini. Ya kwanza ilikuwa Nyuki, ndogo, nyepesi kugeuka, ila ilijaa upesi; hiyo ilitoka mapema. Ya pili ilikuwa Bibi Harusi. Iling'aa. Ilikuwa na mwendo, skrini kila upande, kamera za kuona gizani, na king'ora cha kumwonya rubani kombora likirushwa. Ya tatu ilikuwa Ng'ombe: pana, ya kelele, viti vyake kama mabenchi ya hospitali, injini mbili kubwa kupita mwili wake. Hakuna aliyepiga picha na Ng'ombe.

"Kizuri chajiuza," kanali alisema siku ile wamesimama mbele ya Bibi Harusi, na kamati nzima ikacheka. Mke wangu naye alicheka, aliniambia mwenyewe.

Kwenye joto na kimo kilichotakiwa, Bibi Harusi ilinyanyua kilo mia saba na arobaini. Askari wanane mara kilo tisini ni mia saba na ishirini. Imepita, na kilo ishirini za ziada. Mke wangu akapiga hesabu hiyo mara tatu, kama alivyopiga hesabu zote maishani mwake, akatia saini. Ripoti ilikuwa ipelekwe juu baada ya wiki mbili.

Wiki hiyohiyo koplo mmoja wa kikosi akaja dukani kwangu na kizibao chake cha kuzuia risasi. Mkanda wa bega ulikuwa umeachia nyuzi. Akakiweka mezani, akasema atakipitia kesho, akaenda zake. Nilikuwa na koti la mtu mezani, nikakishika kile kizibao ili nikitundike kwenye msumari ninaotundikia makoti. Kwanza mkono wangu ulishtuka. Nikakitundika hivyohivyo, nikageuka, na sijafika kwenye cherehani nikasikia kishindo. Msumari ulikuwa umetoka na kipande cha ukuta.

Nilifoka peke yangu dukani. Jioni mke wangu alipopita kunichukua, nikamwonyesha lile shimo.

"Afande," nikamwambia, "nyinyi siku hizi mnavaa mawe?"

"Umepigilia msumari kwenye lipu, Fundi. Lawama za nini?"

"Msumari huu umebeba makoti sita ya mvua kwa miaka kumi. Hebu linyanyue hilo gauni lenu."

Akalinyanyua. Nikaona uso wake ukibadilika. Miaka mingi yeye alikuwa mtu wa kuhesabu na kusaini. Kizibao chake mwenyewe kilikuwa cha zamani, cha watu wa bandani wasiokwenda mstari wa mbele. Akaenda nyumbani, akarudi na kimizani chake cha ndoano, tukakining'iniza kile kizibao pamoja na mifuko yake yote ya betri na risasi. Kilo ishirini na nne.

"Vya zamani vilikuwa tisa," akasema.

Kinyozi hajinyoi. Mke wangu aliyepima sukari ya jirani, mabegi ya wageni, na siku moja kuku aliyekuwa hai na hataki, hakuwahi kumpandisha tena askari kwenye mizani tangu alipokuwa sajini. Na si yeye peke yake. Jeshini jedwali likishabandikwa ukutani, hakuna anayepima. Anayetaka kujua husoma ukuta. Askari walipimwa kila mwaka zahanati, wakiwa na kaptura tu, na bunduki zilipimwa kiwandani zilikotengenezwa. Askari na vitu vyake kwa pamoja, aliyekaa juu ya mizani kama atakavyokaa ndani ya helikopta, hakuwa na ofisi ya kumpima.

Kesho yake alitoa mizani ya magunia stoo, akamwita koplo yule na wenzake kumi na tisa, waje wamevaa kama wanaokwenda milimani. Kizibao kipya, kofia ngumu, bunduki, risasi, maji, chakula cha siku mbili, redio, betri za redio, betri za miwani ya kuonea gizani, na vile visanduku vya kuvuruga droni ambavyo zamani havikuwepo. Akajumlisha, akagawanya. Kilo mia moja ishirini na nane.

Alirudi nyumbani mapema siku hiyo. Nilimkuta mezani na karatasi, hajavua buti.

"Wanane ni kilo elfu moja na ishirini na nne," akaniambia kabla sijaketi. "Bibi Harusi inabeba mia saba na arobaini. Inabeba watano, Fundi. Nimetia saini helikopta ya watu watano."

"Basi rekebisha. Ripoti bado haijaenda."

"Nitarekebisha."

"Sasa unalia nini?"

Maana alikuwa analia, na mke wangu si mtu wa kulia. Ndipo akanikumbusha habari ya rubani, ambayo niliijua nusunusu kama watu wote wa kambini walivyoijua.

Miaka minne nyuma helikopta moja ilikwenda kuchukua askari wanane kwenye kiwanja cha juu, mchana. Ilinyanyuka, ikasimama hewani kidogo, ikazama, ikagonga mteremko na kubiringika. Hakufa mtu, lakini askari mmoja alikatwa mguu chini ya goti. Liliundwa baraza la uchunguzi. Mke wangu aliitwa, akaulizwa swali moja: mzigo ulikuwa halali? Akasoma jedwali lake, wanane mara tisini, akajibu kwamba mzigo ulikuwa halali. Basi, kama mzigo ulikuwa halali na injini ilikuwa nzima, aliyebaki ni rubani. Iliandikwa kwamba aliivuta helikopta kwa pupa, yaani wenzo wa kuinyanyua aliupandisha haraka mno. Kapteni yule, kijana wa miaka thelathini na nne, hodari kuliko wenzake, aliondolewa kwenye urubani na baadaye jeshini.

"Sasa niambie," mke wangu akasema, "wale wanane walikuwa wamevaa vizibao gani?"

Nilimwonea huruma, na papo hapo nilimkasirikia, sijui kwa nini mtu hufanya yote mawili pamoja. Nikamwambia anyamaze. Naandika hivi nikijua binti yangu atasoma. Nilimwambia: mambo yamebadilika, kila mtu anajua yamebadilika, andika kwamba kuanzia mwaka huu askari ni kilo mia moja ishirini na nane, kamati itachagua helikopta nyingine, watu wanane watanyanyuliwa, nani atakuuliza ya miaka minne? Umebakiza miezi mitatu. Utaagwa kwa gwaride, jedwali lako litabaki na jina lako, tarakimu tu ndizo zitabadilishwa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nikamwambia, hakuna atakayekuja kukufariji.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Yale makoti ulianza kuyapanua lini?"

Nilijua anachokitafuta. Vizibao vipya vilipoletwa, makoti ya baridi ya kikosi hayakufungika tena juu yake, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuyapanua yote, vidole vinne kila ubavu. Makoti mia mbili. Nilivunja sindano mpaka muuza sindano akanipa kiti. Kwa kupanua makoti yale ungeweza kujua ni mwaka gani askari walianza kuvaa mzigo mpya, na hakuna aliyejua tarehe hiyo vizuri kuliko mimi.

"Sikumbuki," nikasema.

"Mtu anayekumbuka kiuno cha baba yangu tangu siku ya harusi yetu, hakumbuki?"

"Nimesema sikumbuki, Afande."

Akaniacha. Hakuuliza tena, akavua buti, akaenda kuoga. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Asubuhi nilifungua duka nikakata shati la mteja. Nilipomaliza kukata nikaona nimekata mikono miwili ya kushoto. Miaka thelathini ya kazi, sijawahi kufanya hivyo hata nilipokuwa mwanagenzi. Nikaitazama ile mikono. Nikafikiria mtu anayeambiwa kwamba mkono wake ndio ulioharibu, na mwenye kujua kama ni kweli amekaa kimya nyumbani kwake anakunywa chai. Nikafunga duka. Nilimkuta mke wangu mlangoni anataka kutoka, kofia mkononi.

"Miaka mitano," nikamwambia. "Mwaka binti alipokwenda chuo cha uuguzi. Alikata nyuzi za makoti hamsini kabla hajaondoka, akalalamika vidole. Miaka mitano iliyopita, mwezi wa pili."

"Na ajali ni miaka minne."

"Ni miaka minne."

Akavaa kofia. "Asante, Fundi," akasema, na akaenda.

Yaliyotokea kwenye kamati nilisimuliwa na yeye, na baadaye na kanali mwenyewe alipokuja kuchukua suruali. Mke wangu alisimama akaeleza uzito mpya. Wajumbe walishtuka, halafu wakatulia, kwa sababu lilikuwa jambo la kurekebishika. Kanali hata alifurahi. Akasema kwa sauti yake ndogo, "Vizuri sana, Afisa. Umetuokoa. Tuandike kwamba kutokana na mabadiliko ya uwanja wa vita, uzito wa askari umerekebishwa. Inatosha."

Yalikuwa maneno yaleyale niliyomwambia mimi, ila ya kanali yalikuwa na adabu.

"Haitoshi, Afande," mke wangu akasema. "Uwanja wa vita ulibadilika miaka mitano iliyopita. Mimi ndiye sikubadilika." Akaweka mezani karatasi ya pili. Ilikuwa na tarehe ya vizibao, tarehe ya ajali, hesabu ya siku ile kama alivyoiandika na kama ilivyopaswa kuandikwa, na chini yake jina lake.

Kanali aliisoma mara mbili. Akamwuliza kama anajua karatasi ile itafika wapi. Mke wangu akasema anajua. Akamwuliza kama anataka kuichukua akaifikirie tena, mpaka kesho. Akasema yeye ameifikiria, na rubani amefikiria zaidi.

Wiki hiyo walipanda mlimani kujaribu upya. Wakaipakia Bibi Harusi mifuko ya mchanga, kilo elfu moja na ishirini na nne, saa saba mchana, jua la kuchoma. Mapanga yalizunguka, vumbi likatanda, helikopta ikanyanyuka kiasi cha kupitisha kiganja chini ya magurudumu, ikaketi. Wakajaribu tena, ikaketi tena. Fundi mmoja akasema Bibi Harusi amegoma kutoka kwao, na hakuna aliyecheka. Ng'ombe ikapakiwa mifuko ileile. Ilipiga kelele za kutia aibu, ikanyanyuka taratibu, ikapita juu ya vichwa vyao na kuzama bondeni. Wakachagua Ng'ombe, na wakaomba ifungwe kile king'ora cha kombora cha mwenzake. Siku hizi ndizo zinazopita juu ya mtaa wetu. Muuza sukari hulalamika kwamba zinamtikisia rafu, nami humwambia akae kimya.

Mke wangu aliandikiwa onyo kali. Gwaride la kumuaga halikufanyika. Alikabidhi vitambulisho vyake dirishani kwa karani, akapewa risiti. Jedwali lilibanduliwa kwenye mabanda yote, na lililowekwa badala yake halina jina la mtu. Limeandikwa chini kwa wino mwekundu kwamba lipimwe upya kila mwaka. Wanafunzi wake wawili walipita barabarani wakajifanya hawakumwona. Hilo lilimuuma kuliko lile onyo, na mimi liliniuma kuliko yeye, nikataka kuwafuata niwaambie neno, akanishika shati.

Lakini kabla ya kustaafu, baraza lilipoamua kuifungua upya kesi ya ajali, aliomba ruhusa ya jambo moja: rubani asipelekewe habari kwa posta. Akaniomba tufuatane.

Rubani siku hizi anafundisha udereva. Tulimkuta kando ya barabara tulivu nyuma ya shule, kwenye gari dogo jeupe lenye kibao juu ya paa. Mwanafunzi wake, mama mmoja wa makamo, alikuwa amezimikiwa na gari mara kadhaa, jasho linamtoka. "Taratibu, mama," tulimsikia akimwambia kwa upole. "Achia mguu polepole. Gari halina haraka, sisi pia hatuna." Akainua macho akaona sare ya mke wangu. Akashuka, uso wake umefungwa kabisa.

"Kapteni," mke wangu akasema.

"Sio Kapteni tena, Mama. Siku nyingi."

Njia nzima mke wangu alikuwa amejizoeza hotuba. Nilimwona midomo ikicheza. Hotuba yote ikampotea. Akamnyooshea ile karatasi, nakala ya aliyoiweka mbele ya kanali, yenye muhuri. Rubani hakuipokea.

"Nisomee wewe," akasema. "Siku ile ulisema kwa mdomo."

Akasoma, amesimama wima kama yuko mbele ya baraza. Kwamba yeye, msimamizi wa mizigo, alieleza kwamba mzigo ulikuwa halali. Kwamba mzigo haukuwa halali. Kwamba helikopta ilibeba kilo mia tatu na nne zaidi ya zilizoandikwa, kwa kosa la jedwali lake. Kwamba rubani hakuwa na njia ya kulijua hilo, na kwamba hakuna mkono wa rubani yeyote ambao ungeinyanyua.

Kapteni alikuwa ametazama chini. "Soma tena," akasema.

Akasoma tena.

"Mama, mimi kila siku nikiamka naivuta ile helikopta upya," akasema. "Kabla sijapiga mswaki. Naivuta taratibu zaidi ya jana. Miaka minne. Nimeshaivuta taratibu mpaka haiwezekani kuvuta taratibu zaidi ya hapo, na kila siku inaanguka, na yule kijana anakatwa mguu. Nikasema basi, ni mkono wangu, nikakubali. Nimemwandikia yule kijana barua nikamwambia ni mkono wangu."

"Haukuwa mkono wako," mke wangu akasema.

"Soma pale pa mkono."

Akapatafuta, macho yake hayaoni vizuri kwa machozi, nami nikamwonyesha kwa kidole. Akasoma mstari ule mmoja. Kapteni akamwambia asome tena, naye akausoma tena, na tena, sauti ikimkatika, mpaka sikuweza kuhesabu. Mle garini yule mama alikuwa amezima injini mwenyewe, akatulia kumsubiri mwalimu wake.